Outreachy, Summer of Code, Hacktoberfest au kikundi chenu wenyewe: ipi inafaa mradi wako?

Mwaka 2017 GitHub, tovuti inayohifadhi msimbo wa programu, ilifanya utafiti juu ya watu wanaochangia programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha. Waliohojiwa walichaguliwa bila mpangilio kutoka hifadhi zaidi ya 3,800 za msimbo: asilimia 95 walikuwa wanaume, asilimia 3 wanawake, asilimia 1 wasiojihesabu katika jinsia hizo mbili. Karibu robo walisema Kiingereza chao cha kusoma na kuandika hakifikii "vizuri sana". Kama unasimamia mradi, na orodha yako ya wachangiaji inafanana na takwimu hizo, na jambo hilo linakukera, basi maswali yanayofuata ni ya vitendo. Uingie mpango upi wa kuleta wachangiaji wapya? Mpango huo utakula nguvu kiasi gani? Na watu wakishafika, utabaki nao vipi?

Mipango inayotajwa zaidi ni Outreachy, Google Summer of Code na Hacktoberfest. Wa nne ni ule mnaojitengenezea wenyewe: kikundi kidogo chenye walezi, yaani wazoefu wa mradi wanaowaongoza wageni. Wengi huilinganisha kwa fedha. Sisi tunashauri uilinganishe kwa saa za mapitio, yaani muda ambao mtu anayeujua mradi atakaa chini, asome kazi ya mgeni na kuijibu.

Sababu ilionekana Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, walipochunguza takwimu zao mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mgeni ambaye kazi yake ya kwanza ilipitiwa ndani ya saa 48 alikuwa na uwezekano mkubwa sana wa kurudi. Aliyengoja zaidi ya siku 7 karibu hakurudi kabisa. Ombi la kwanza la kuunganisha msimbo, yaani kuomba mabadiliko yako yaingizwe kwenye mradi, PR kama wengi tunavyoliita, ni hodi. Kwa desturi yetu mtu hupiga hodi mara tatu ndipo aondoke. Kwenye programu huria hupiga mara moja. Na yule aliyekuja na shaka tangu nyumbani, akijiuliza kama pale ni mahali pake, ukimya wa siku tisa kwake ni jibu tosha.

| | Outreachy | Summer of Code | Hacktoberfest | Kikundi chenu |
|---|---|---|---|---|
| Inalenga makundi yenye uwakilishi mdogo? | Ndiyo, ndiyo shabaha yake | Hapana, ni ya wachangiaji wapya wote wa miaka 18 na zaidi | Hapana | Mnaamua wenyewe |
| Muda | Miezi 3, saa 30 kwa wiki | Saa 90, 175 au 350 | Oktoba nzima | Wiki 8 zinatosha |
| Anachopata mchangiaji | Dola 7,000 | Hutegemea nchi na ukubwa wa kazi | Zawadi ndogo | Bando, cheti, nafasi ya kuendelea |
| Nani analipa | Mfadhili wa mradi, dola 8,000 kwa mtu mmoja | Google | Waandaaji | Ninyi |
| Mzigo wa walezi | Saa 5 hadi 10 kwa wiki wakati wa uchaguzi, kisha zisizopungua 5 | Sawa na huo, pamoja na kusoma mapendekezo mengi | Wa ghafla, mwezi mmoja | Mnaupima wenyewe |

Viwango hubadilika, kwa hiyo vithibitishe kwenye tangazo la mzunguko unaouingia.

Outreachy

Kati ya mipango mitatu mikubwa, huu pekee ulizaliwa kwa ajili ya makundi yenye uwakilishi mdogo. Mwaka 2006 GNOME, mradi huria wa mwonekano wa kompyuta za Linux, ilipokea maombi 181 ya Summer of Code, na hakuna hata moja lililotoka kwa mwanamke. Ilipotangaza nafasi za wanawake peke yao, yakaja maombi zaidi ya 100. Kumbe watu walikuwapo siku zote, ila tangazo la kwanza halikuwa limewaita. Mpango ulifufuliwa mwaka 2010, na mwaka 2015 ukahamia Software Freedom Conservancy, shirika lisilo la faida linalolea miradi huria, kwa jina la Outreachy. Leo hauangalii jinsia peke yake. Unampokea yeyote anayebaguliwa na mifumo, au ambaye watu wa kundi lake ni wachache kwenye sekta ya teknolojia ya nchi yake.

Mizunguko ni miwili kwa mwaka: Mei hadi Agosti, na Desemba hadi Machi. Mwombaji huandika insha kwanza. Akipita, anaingia kipindi cha karibu mwezi mmoja cha kuchangia mradi anaoutaka, na kutokana na kazi hizo walezi huchagua mwanagenzi. Posho ni ileile, awe Mwanza au Montreal.

Kipindi hicho cha mwezi mmoja ndicho kinachoivunja miradi mgongo. Piga hesabu. Waombaji 40, kila mmoja PR mbili, kila PR ikipitiwa mara mbili kwa dakika 20, ni saa 53, sawa na saa 13 kwa wiki. Walezi wawili wanaiweza. Wakija 90, inakuwa saa 30 kwa wiki, na hapo ndipo lengo la kujibu ndani ya saa 48 linapokufa. Matokeo yake ni mabaya kuliko kama msingeshiriki: mmoja anapata nafasi, 89 wanaondoka wakijua kwamba mradi wenu haujibu.

Kinachosaidia ni kuandaa mapema kazi moja ndogo inayoweza kufanywa na wote, kwa mfano kusakinisha mradi, kuendesha majaribio (programu ndogo zinazopima kama msimbo unafanya kazi) na kuandika kilichokwama, kisha tiketi halisi, yaani maelezo ya kazi zinazosubiri mtu, zitolewe kwa waliomaliza hiyo. Kila tiketi iwe na mtu mmoja, na asipoigusa kwa siku 5 irudi sokoni. Outreachy pia huruhusu mradi kufungwa kwa waombaji wapya katikati ya kipindi. Mkiona wamezidi uwezo wenu, fungeni bila aibu na muwahudumie waliokwisha kuingia.

Kuna kasoro ya haki hapa, na ni vizuri kuisema wazi: mwezi huo haulipwi. Binti mwenye kompyuta yake na intaneti ya nyumbani anashindana na mwenzake anayenunua bando la siku na kusubiri umeme urudi. Mlezi hawezi kuiondoa kasoro hiyo yote, ila anaweza kuacha kuhesabu idadi ya PR. Pima PR moja kwa makini: alijibu vipi maoni, jaribio aliliandika vipi, aliposhindwa aliuliza swali gani. Wanafunzi wa vyuo waambieni mapema pia kuhusu kalenda, maana Outreachy inataka mwanafunzi awe na siku 49 mfululizo zisizo na masomo ya kutwa ndani ya kipindi cha mafunzo. Wengi hukwama kwenye kipengele hicho wakiwa wameshaandika insha nzuri.

Google Summer of Code

Ilianza mwaka 2005, na tangu 2022 si ya wanafunzi tu. Fedha hutoka Google, kwa hiyo mradi usio na mfadhili unaweza kuomba. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa wenye mizizi yake Eldoret, imewapata wachangiaji kwa njia hii miaka mingi. Posho hufuata gharama za maisha za nchi anayoishi mchangiaji: kazi ya saa 175 huanzia dola 1,500 hadi 3,300, ya saa 350 huanzia 3,000 hadi 6,600.

Usiitegemee ifanye kazi ya Outreachy. Hapa mtu huchaguliwa kwa pendekezo aliloandika, na mapendekezo mazuri huandikwa na wale ambao kaka zao wa chuo walishapita humo na kuwaachia mifano. Mradi ukikaa kimya, utapata watu walewale wa vyuo vilevile. Mkiamua kuitumia, chapisheni mfano wa pendekezo lililokubaliwa (kwa ruhusa ya mwenyewe), kisha tengeni siku mbili kwa wiki za kusoma rasimu za yeyote atakayeleta. Kazi ya saa 175 inafaa zaidi kuliko ya 350, kwa sababu inamwezesha mwenye ajira au mtoto mdogo, na muda wake unaweza kurefushwa hadi wiki 22. Andikeni hivyo kwenye tangazo, maana wengi hawajui na hawathubutu kuuliza.

Hacktoberfest

Tutaipitia haraka. Kampuni ya DigitalOcean iliianzisha mwaka 2014, na kwa miaka mingi ukipeleka PR nne mwezi Oktoba ulipata fulana. Mwaka 2020 miradi ilifurikwa na PR za kubadilisha neno moja kwenye faili ya maelezo, hadi waandaaji wakabadilisha kanuni mwanzoni mwa mwezi huohuo: mradi haushiriki mpaka ujiandikishe wenyewe kwa lebo. Ni nzuri kwa mradi wenye wapitiaji wengi na tiketi ndogo 30 zilizokwisha kuandaliwa. Kwa makundi tunayoyazungumzia, inaleta umati bila kumleta mtu. Aliyekuja kwa ajili ya idadi haketi, na aliyekuja kwa ajili ya kujifunza anapotea ndani ya foleni. Siku hizi foleni hiyo ina pia PR zilizoandikwa na mashine na kupelekwa bila kusomwa. Ombeni matokeo ya majaribio yaliyoendeshwa kwenye kompyuta ya mhusika, na toleo la mfumo alilotumia.

Kikundi chenu wenyewe

Kwa mradi wenye walezi wawili au watatu na usio na dola 8,000, hii ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Jumuiya ya Django, programu huria ya kujengea tovuti, imeonyesha inavyowezekana kwa Djangonaut Space: wiki 8, vikundi vidogo, kila kikundi na mwongozaji wa mambo ya msimbo na mwingine wa kuwatia moyo na kufuatilia, bila posho. Kutenganisha kazi hizo mbili ni busara kubwa. Mlezi wa msimbo akiwa ndiye pia wa kuuliza "mbona kimya wiki hii?", swali hilo husikika kama karipio.

Anzeni na watu 6 na walezi 2, saa 4 kwa wiki kwa kila mchangiaji, na kikao kimoja cha saa moja. Msitangaze kwa ujumla mkatumaini. Nendeni walipo: matawi ya PyLadies (wanawake wanaotumia lugha ya Python), She Code Africa iliyoanzia Nigeria mwaka 2016, Open Source Community Africa, vilabu vya kompyuta vya vyuo vilivyo nje ya miji mikuu. Mwombeni kiongozi wa kundi apendekeze majina, kisha mwandikieni kila mmoja kwa jina lake. Mwaliko wa mtu kwa mtu hufika mahali ambapo bango halifiki.

Saa ya kikao ni kichujio kikali kuliko mitihani. Kikao cha saa 22:00 kwa UTC (saa ya kimataifa) ni saa 7 usiku Nairobi na Dar es Salaam. Atakayehudhuria ni kijana asiye na mtoto na mwenye chumba chake. Saa 12 hadi saa 1 jioni pia haifai: watu wako kwenye daladala, jikoni au kwenye sala. Saa 17:00 UTC ni saa 2 usiku kwetu, saa 1 usiku Kigali, Bujumbura na Goma, na mchana New York. Rekodini kikao, lakini muhimu zaidi andikeni muhtasari wa aya moja siku hiyohiyo, kwa kuwa video ya saa nzima ni MB nyingi za mtu.

Kabla ya siku ya kwanza, chukueni kompyuta yenye RAM ya GB 8, iunganisheni na hotspoti ya simu, na mjaribu kusakinisha mradi kuanzia sifuri huku mkihesabu MB na dakika. Mradi ukihitaji GB 6 kabla mtu hajaona ukurasa wa kwanza, umeshachuja watu kabla hamjawasalimia. Badala ya kunakili hifadhi yote, mwongozo uelekeze amri ya git (programu inayotunza historia ya msimbo), `git clone --filter=blob:none`, ambayo huleta historia ya mabadiliko bila kupakua kila toleo la kila faili. `--depth 1` ni nyepesi zaidi, ila hukata historia, na mgeni akija kuhitaji `git log` au `git blame`, amri za kuona nani alibadilisha nini, anaona historia iliyokatika asiyoielewa. Picha kubwa za Docker (vifurushi vya programu iliyo tayari kuendeshwa) wekeni kwenye flashi au diski ya chuo wachukulie hapo.

Tiketi na maoni, kwa njia yoyote mtakayochagua

Lebo ya "good first issue" (kazi nzuri ya kuanzia) haifanyi tiketi kuwa rahisi. Hii ni tiketi tunayoiona kila siku:

"Tarehe zinaonekana vibaya kwenye ripoti."

Aliyeiandika anajua anachomaanisha. Mgeni hajui ni ripoti ipi, vibaya vipi, na ataogopa kuuliza swali la kijinga mbele ya watu 200. Hii hapa ni tiketi hiyohiyo ikiwa imekamilika:

"Chagua Kiswahili, fungua Ripoti, kisha Mwezi, weka tarehe 4 Machi. Inaandika 'Mar 4'. Inatakiwa '4 Machi'. Chanzo kiko `ripoti/tarehe.py`, kwenye `andika_tarehe`, ambayo haiangalii lugha ya mtumiaji. Kazi imekamilika ukiongeza jaribio moja kwenye `majaribio/test_tarehe.py` na `pytest majaribio/test_tarehe.py` ikapita. Makadirio: saa 3 kwa asiyeujua mradi. Ukikwama zaidi ya dakika 30, uliza hapahapa. Swali lako litaingia kwenye mwongozo."

Inachukua dakika 20 kuandika. Tiketi 10 za namna hiyo zina faida kuliko 60 zenye lebo tupu.

Maoni ya mapitio nayo yana uzito tofauti kwa watu tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 juu ya PR za GitHub ulionyesha kuwa PR za wanawake kwa jumla zilikubaliwa zaidi kuliko za wanaume, karibu asilimia 79 kwa 75. Lakini kwa wageni wa mradi ambao jinsia yao ilitambulika kwenye wasifu, wanawake walikubaliwa kidogo kuliko wanaume. Kwa hiyo msiache mapitio kwa hisia za mpitiaji. Wekeni orodha fupi ileile kwa wote: inafanya kazi, ina jaribio, inafuata mtindo, maelezo yanaeleweka. "Hapana, soma mwongozo" isikubalike. "Asante, sehemu ya kwanza iko sawa. Mstari wa 41 utaanguka tarehe ikiwa tupu, ongeza sharti na jaribio lake, kisha nitaunganisha" ina urefu wa sentensi mbili na inaonyesha mlango uko wapi.

Kanuni za maadili ziwepo. Wengi hutumia Contributor Covenant, iliyoanza mwaka 2014. Ila faili peke yake haina kazi. Inahitaji anwani ya barua pepe inayosomwa na watu wawili wasio marafiki wa karibu, muda wa kujibu ulioandikwa, na njia ya kumfikia mtu mwingine pale mlalamikiwa anapokuwa mmoja wa hao wawili. Tumeni ujumbe wa majaribio kwenye anwani hiyo kila baada ya miezi mitatu. Anwani iliyokufa ni mtego kwa mtu aliyejikaza akaripoti.

Wiki baada ya mwisho

Mipango yote minne ina mwisho, na wengi hupotea wiki ile inayofuata. Mtu ameachwa kwenye mataa: hana tiketi, hana kikao, hana posho, na hajui kama bado anahesabiwa. Maandalizi ya kubaki huanza wiki nne kabla ya mwisho. Mpeni kazi inayojirudia ambayo ni yake, mathalani kupanga tiketi mpya kila Jumatatu. Kwenye GitHub kuna ngazi ya Triage, kwa hifadhi zilizo chini ya shirika, inayomwezesha mtu kuweka lebo na kufunga tiketi bila kugusa msimbo. Mpeni hiyo akiwa bado kwenye mpango, siyo kama tuzo ya baadaye. Mwombeni apitie PR ya mgeni mwingine mbele ya mlezi wake. Andikeni jina lake kwenye maelezo ya toleo, na barua ya kumpendekeza muiandike kabla hajaomba.

Angalieni pia mnampeleka wapi. Tafsiri na maelezo ni milango mizuri. Common Voice ya Mozilla, mradi wa kukusanya sauti za wasemaji, iliyopata dola milioni 3.4 za kuendeleza Kiswahili mwaka 2021, inampokea mtu asiyejua git kabisa. Lakini tumeona mara nyingi mno wanawake na wasemaji wa lugha zetu wakiwekwa kwenye tafsiri na kubaki humo, huku haki ya kuunganisha msimbo ikienda kwa wengine. Baada ya miezi sita, tazameni orodha ya wenye haki hiyo. Kama hakuna hata mmoja aliyepita kwenye mpango wenu, mmekwama hapo, na kuleta kundi lingine hakutasaidia.

Mikutano ya ana kwa ana huimarisha sana, na viza huivuruga vilevile. Mtu wa Dodoma akialikwa Ulaya aanze kutafuta miadi ya ubalozi miezi minne kabla, akiwa na barua inayotaja nani analipa nauli na malazi. Iliyo karibu ina nafasi bora: DjangoCon Africa ilifanyika Zanzibar mwaka 2023 na Arusha mwaka 2025. Lipeni nauli na hoteli moja kwa moja. Mpango wa "lipa kwanza, tutakurudishia" humwacha nje yuleyule mliyemkusudia.

Na posho, kama ipo, iulizieni kabla ya kuahidi. Kuna nchi ambako akaunti ya PayPal hutuma tu na haipokei. Jina kwenye akaunti ya benki lilingane herufi kwa herufi na la kitambulisho. Mwanamke aliyebadilisha jina baada ya kuolewa hurudishiwa malipo mara kwa mara kwa sababu hiyo. Benki za kati hukata ada njiani, kwa hiyo kubalianeni kwa maandishi nani anaibeba, na malipo ya kwanza yawe madogo ya kujaribu njia, wiki mbili kabla ya kazi kuanza.